Bawa la Pili la Nyigu

Mkamwana wangu amesoma mpaka kichwa kimechoka kubeba. Mimi niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Lakini kazini tulikaa chumba kimoja. Yeye anachungulia wadudu kwenye hadubini, mimi nasugua mawe wanamolala. Ndiyo maana nyumbani hatugombani: ugomvi wote tunaumaliza ofisini.

Mwaka huo alikuwa na kipande cha kaharabu, utomvu wa mti ulioganda ukawa jiwe zamani hizo hata bibi wa bibi yangu hajafikiriwa. Ndani yake nyigu mmoja, mdogo kuliko punje ya mtama, wa ukoo uliokwisha duniani. Mkamwana akasema huyu si spishi mpya tu, ni jenasi mpya kabisa, yaani tawi zima jipya la ukoo, kwa kuwa bawa lake halina mshipa mmoja ambao jamaa zake wote wanao. Miaka miwili ameandika makala ya kumtangaza. Profesa wetu, tuliyemwita Mzee Subiri, akagoma kutia sahihi. Bawa lile limechanika, alisema. Huenda mshipa ulikuwa kwenye sehemu iliyopotea. Bawa la pili lilifichwa na kiputo cha hewa, na kusugua hadi pale hakutaka kusikia, maana ukipitiliza unene wa unywele, bawa linakuwa unga. Na kesho yake jiwe linarudi kwa wenyewe. Mkamwana akaanza kukusanya makaratasi yake kimya. Sasa yule akinyamaza, ujue ni msiba.

Mzee Subiri alipotoka kufuata chai, nikashika jiwe.

"Mama, usithubutu," mkamwana akaninong'oneza.

Nikamwonyesha kwa kidevu karatasi ya ukutani, amri ya Mzee Subiri mwenyewe: jiwe likiwa kwenye msasa, marufuku kumsemesha anayesugua, mkono usije ukateleza. Akafunga mdomo. Nikasugua, nikalowesha, nikachungulia, nikasugua tena.

Mlango ukafunguka. Mzee Subiri akaona, akapanua mdomo, akakumbuka amri yake, akaufumba. Akasimama na kikombe, jasho linamtiririka utadhani ndiye anayesuguliwa. Sikuwa na haraka. Mwanamume aliyenikatiza maneno miaka ishirini na sita leo ananyamaza kwa ajili yangu. Raha ya namna hiyo huimezi mara moja. Kiputo kilipopasuka kazi ilikwisha, lakini niliendelea kidogo kusugua upande usio na kitu.

Nikampa jiwe. Akachungulia, akahesabu mishipa, akarudia kuhesabu kwa kidole hewani. Bawa zima, halina hata mkwaruzo, na mshipa haupo.

"Ni jenasi mpya," akasema, akaomba kalamu.

Mkamwana akaketi sakafuni na gauni lake la kazini. Profesa alipotoka, akaniuliza ingekuwaje kama ningelisaga lile bawa.

"Tungefukuzwa wote wawili," nikamwambia, "tushinde jiko moja kutwa, mimi na wewe."

Hapo ndipo alipoogopa kweli.