Kuinama Ndani ya Maji

Mgongo wangu uliharibikia milimani kwetu, juu ya mchikichi. Kamba ya kiunoni ilikatika nikiwa nakata mkungu wa chikichi, nikaja chini kama gunia. Ni miaka sasa. Zahanati walinipa vidonge vya maumivu, nikarudi wakanipa vilevile, nikarudi tena nikaambiwa kipimo cha mgongo kipo mkoa mwingine, ila wakubwa wameshaelezwa. Wakubwa. Wao migongo yao imeegemea viti vinavyozunguka, watajuaje.

Maumivu haya hayana kidonda wala bandeji, kwa hiyo hakuna anayeyaona. Asubuhi nageuka ubavu kwanza, naweka mguu mmoja chini, nasikiliza, halafu wa pili. Viatu vya kamba nimeachana navyo, navaa kandambili. Kitu kikianguka nakitazama tu. Kama si cha lazima kinabaki pale mpaka Yunisi, binti yangu, arudi kutoka sokoni. Ninakaa kwake hapa Kasingirima, Ujiji. Kuna kijiko kilichoingia chini ya kabati na mimi nimekizoea huko huko.

Hayo yote niliyaweza. Nisiloliweza lilikuwa moja, kwenda kwenye kaburi la mke wangu.

Catherine aliugua akiwa kwa mama yake, Kidahwe. Gari la wagonjwa lilikuwepo, ila halikuwa na mafuta, na mwenye ufunguo wa mafuta alikuwa kwenye mkutano wa kuzungumzia afya. Nimeshaliongea hili sana mpaka watu wa hapa wakiniona nafungua mdomo wanakumbuka kazi walizoacha nyumbani. Mke wangu akafia kwao, akazikwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Ukitaka kufika kaburini lazima upite uani, na uani yupo mama mkwe, Bibi Melania.

Sisi Waha salamu ni kazi. Mkwe humsalimii mama mkwe umesimama kama mlingoti. Unashuka, magoti yanakunjwa, unapiga makofi taratibu, unaendelea kupiga hukohuko chini mpaka mwenyewe aitikie. Siku ya kumaliza matanga niliingia uani, nikajaribu kushuka, mgongo ukanishika katikati. Nikapiga makofi nimesimama wima, mbele ya ukoo mzima, kama mheshimiwa anayefungua kisima.

Mama mkwe alinitazama kuanzia kandambili mpaka kofia.

“Mkwe wangu alikuwa anajua kushuka,” akasema. “Huyu simjui.”

Akageuza kigoda, akanipa mgongo.

Utauliza kwa nini sikumweleza. Kiuno hakitajwi mbele ya mama mkwe, ndiyo sababu. Hata ukiwa unakufa kwa kiuno unasema kichwa kinauma. Yunisi alikwenda kunisemea baadaye, akarudi na jibu: “Catherine alikuwa anaumwa ugonjwa wa kumuua, na asubuhi ya mwisho alishuka kitandani akanipigia magoti. Mwambie baba yako hivyo.”

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Sikuwa nalijua hilo la Catherine. Mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama: mtu hana nguvu ya kumeza uji, anapata wapi nguvu ya kupiga magoti? Basi nikaacha kwenda Kidahwe.

Aliyenipeleka majini ni jirani yetu, Bukeyeneza, tunayemwita mama Ciza. Ni wa familia zilizotoka Burundi zamani, anauza dagaa, na nyonga yake ya kushoto ilivunjika akiwa msichana ikaunga vibaya. Anatembea kama mtu anayeruka mtaro. Siku moja alinikuta nimeshika mlango, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

“Mzee Thobias, unalinda mlango usiibiwe?”

“Niache, mama Ciza.”

“Mimi huwa naacha maumivu yangu ziwani kila asubuhi. Nikitoka ndiyo nayabeba tena. Twende.”

Nikamwambia mimi ni mtu wa milimani, ziwa kwangu ni la kutazama. Hiyo ni kweli. Nimekulia mahali ambapo maji yanakaa kwenye ndoo. Ziwa hili wanasema ukishuka chini yake hulimalizi, na mimi kitu kisicho na chini sikiamini, kama ahadi za kampeni.

“Ihangane,” akasema kwa Kirundi chake, “vumilia kidogo. Utasimama yanapofika kifuani, basi. Na uingie na nguo zako, hakuna anayetaka kuona mbavu za Muha.”

Tulikwenda kulipokuwa kumeshapambazuka. Huku Ujiji jua linatokea mgongoni mwa mji, kwa hiyo linaanza kuwaka ng'ambo, kwenye milima ya Kongo, wakati wewe bado umesimama kivulini. Niliingia na suruali na shati. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba niliona vidole vyangu vya miguu, nilikuwa sijaviona kwa karibu kitambo. Magotini, mapajani, kiunoni. Nikashika mkono wa mama Ciza kama mtoto. Yalipofika kifuani nikasikia kitu ambacho sijui nikiiteje.

Mgongo ulinyamaza.

Sisemi ulipona. Ulinyamaza. Ni kama mashine ya kusaga iliyokuwa inanguruma jirani miaka yote mpaka umesahau kwamba inanguruma, halafu mtu kaizima. Nilishtuka kwa ule ukimya. Nikatazama pande zote. Milima ya Kongo ilikuwa imeshika rangi, maji yote yale mpaka kule, na maji hayo hayo yalikuwa yameninyanyua mimi, Thobias, bila kuniuliza cheti cha rufaa. Nilikunja magoti kidogo nione, yakakunjika. Nikasimama. Nikakunja tena. Nililia, na mama Ciza akageukia upande wa mitumbwi, akajifanya anahesabu mitumbwi.

Nilipotoka, maumivu yalikuwa yananingoja pale mchangani kama mbwa anayemngoja mwenyewe. Tukarudi naye nyumbani. Lakini kesho yake nilikwenda, na keshokutwa.

Sasa macho ya mama mkwe yakaanza kuingia ukungu, na Yunisi akamleta mjini yatazamwe. Nilitaka kuhama nyumba. Yunisi akasema, “Baba, utahamia wapi? Bibi atalala chumbani kwangu, wewe utoke mapema, ukirudi atakuwa ameshakwenda hospitali.” Alifika jioni, nikabaki chumbani. Nilimsikia anauliza sufuria ziko wapi, na sauti yake ilikuwa ya Catherine kabisa, Catherine aliyezeeka.

Asubuhi nikatoroka kwenda ziwani. Nilikuwa maji yako kifuani, mama Ciza yuko pembeni yangu, tukasikia Yunisi anaita. Nageuka, bibi huyo anakuja kwa mkongojo mchangani, kitenge kimefungwa vizuri, Yunisi kamshika kiwiko.

“Bibi amesema hajawahi kuliona ziwa kwa karibu,” Yunisi akasema, “na macho yenyewe ndiyo hayo. Amesema aletwe kabla ya hospitali.” Hakuwa ananitazama. Nikajua ni yeye aliyepanga.

Mkwe majini, mama mkwe nchi kavu. Aibu kubwa kuliko hiyo kwetu sijui kama ipo. Nikitoka, nguo zimenigandama mwilini, na mgongo utanishika mbele yake tena. Nikibaki, ninaoga mbele ya mzazi wa mke wangu.

“Yule nani kwenye maji?” akauliza bibi.

Mama Ciza akaninong'oneza, “Mzee Thobias, ulichokosa kule Kidahwe si unacho hapa?”

Ndipo nikaelewa. Nikavua kofia, nikampa mama Ciza. Nikakunja magoti, nikashuka. Maji yakapanda mabegani, shingoni, yakafika kidevuni. Nikainua mikono juu ya maji nikapiga makofi taratibu, matone yakiruka. “Mwakeye, mama,” nikamwamkia kwa Kiha.

Hakuitikia. Alisogea mpaka maji yakamgusa vidole, akakaza macho. Nikaendelea kupiga. Nchi kavu nisingemaliza pumzi moja katika hali ile. Pale nilikuwa nimeshuka kuliko mkwe yeyote aliyewahi kushuka, na mgongo kimya. Aliniacha hukohuko. Jua likavuka nyumba za Ujiji nyuma yake, likanipiga usoni, nisimwone tena ila kivuli. Nikapiga makofi kwenye kile kivuli. Nilijua naweza kukaa vile mpaka jioni akitaka, na nadhani yeye pia alijua.

Akaitikia. Salamu yote, na ya watoto, na ya ng'ombe tusiokuwa nao, kama zamani.

Kisha akasema, “Kumbe unashuka.”

“Humu tu, mama. Maji yananibeba.”

“Yanabeba na magoti?”

“Yanabeba,” akasema mama Ciza, ameshaanza kumfuata. “Njoo, mama, na kitenge chako.”

Hatukudhani atakubali. Alimpa Yunisi mkongojo, akaingia ameshikwa na wanawake wawili, mimi nikarudi nyuma kumwachia heshima yake. Maji yalipompita kiunoni alisimama. Uso wake ukabadilika, nikautambua, ndio uliokuwa wangu siku ya kwanza. Alifungua viganja juu ya maji, akavitazama vinavyoelea.

Baadaye akauliza, bila kuinua uso, “Hii ilikuwepo siku zote?”

“Ilikuwepo.”

“Na Catherine wangu hakuletwa.”

Nilitaka kusema habari za gari na mafuta na mkutano. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.

“Utakuja Kidahwe,” akasema. “Majani yamepanda kwenye kaburi.”

“Mama, kule hakuna ziwa.”

“Kwani sina macho?” Akakumbuka macho yake, akacheka peke yake. “Utasalimia umesimama, nitaitika. Jembe usiguse. Utakaa kwenye kiti utuonyeshe yalipo majani, kama mheshimiwa.”