Taya la Mjomba

Maabara nzima ilimwita Waya, kwa sababu hata kwenye nywele zake hukukosa kipande cha waya. Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, akitengeneza kofia ya vihisio inayosoma umeme wa ubongo na kuurusha kwenye kompyuta hewani, bila kebo. Aliyekubali kuivaa kila Jumanne ni mjomba wake, fundi cherehani mstaafu aliyepooza mkono wa kulia baada ya kiharusi. Akiwaza kuukunja ule mkono, taa ya mezani iliyounganishwa na kompyuta inawaka. Katika majaribio mia, iliwaka mara tisini na moja. Makala ikaandikwa, mkutano wa wataalamu ukaikubali, na Profesa aliyemsimamia akaanza kutembea kifua mbele.

Jumanne moja mjomba alikuja shavu limevimba. Jana yake alikuwa ameng'olewa jino. Taa ikawaka mara thelathini na nne tu.

Waya alibadilisha betri. Akasogeza antena. Akasafisha vihisio kimoja kimoja. Wapi!

"Mjomba," akauliza hatimaye, "ukiwaza kukunja mkono, mdomoni unafanya nini?"

"Nauma meno, mwanangu. Mkono umekufa ganzi, utaunyanyuaje bila kukaza taya? Ila leo siwezi, kidonda kinawaka moto."

Waya alijivika kofia mwenyewe, akauma meno huku akiwaza nguo alizoloweka nyumbani. Taa ikawaka. Akauma tena, ikawaka tena. Kumbe miaka miwili kofia ilikuwa ikisoma misuli ya taya, si ubongo.

"Nimekuharibia?" mjomba aliuliza.

"Hapana. Mimi ndiye sikuuliza."

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. "Makala inachapishwa wiki ijayo," alisema. "Umeme wa misuli uliuchuja?"

"Nilichuja. Haikutosha."

"Na mimi nikapitisha." Akavuta kiti cha pili. "Kaa. Tuandike barua ya kuiondoa."

Waya alilia chooni, akanawa uso, akarudi kazini. Alibandika vihisio viwili shavuni mwa mjomba. Taya likikaza tu, jaribio hilo linatupwa. Mjomba ikabidi ajifunze kulegeza mdomo kama mtu aliyesinzia, na kwa wiki kadhaa taa haikumjali kabisa.

"Hii taa ina kiburi," alilalamika, lakini Jumanne hakukosa.

Baada ya miezi minane walifika mara sitini na sita katika mia. Profesa aliutazama mstari wa shavuni kwenye skrini, umetulia tuli, huku taa ikiwaka. Akaomba aonyeshwe tena.

Waya alihitimu mwaka mzima baada ya wenzake, na mama yake alikuwa amechoka kuwaeleza majirani. Siku ya kutetea tasnifu mjomba alikaa safu ya mbele. Mtahini alipouliza kwa nini matokeo yalishuka kutoka yale ya mwanzo, yeye ndiye aliyewahi kunyoosha mkono wa kushoto, akitaka kujibu.