Nusu Shari ya Bi Verdell

Siku ya tatu ya kufungiwa ndani ya kile chumba, Bi Verdell Suggs alikuwa bado anasema hapana.

Wenzake kumi na mmoja walishasema ndiyo tangu juzi. Walikuwa wameizunguka meza ndefu kwenye ghorofa ya pili ya mahakama ya wilaya, dirisha limegandishwa na rangi halifunguki, kiyoyozi kinanguruma bila kutoa cha maana. Wote raia tu, majina yao yameokotwa kwenye orodha ya wapiga kura: muuza bima, fundi wa matrekta, mama mwenye mtoto mchanga, shemasi, na wengine wa aina hiyo. Yeye Verdell, mwenye miaka sitini na sita, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa mwanajopo namba saba. Kazi yao ilikuwa moja: waseme kama mshtakiwa ana hatia au hana, na waseme kwa kauli moja wote kumi na wawili. Mmoja akigoma mpaka mwisho, kesi inavunjika.

Mgomaji ndiye huyo, na aliwakera, Mungu shahidi.

"Wengi wape, dada Verdell," alisema Shemasi Otha Riggins, akijifuta jasho la shingo. "Hata wahenga walisema."

"Wahenga hawakuapishwa humu. Mimi niliapa. Na wengi wangekuwa wanatosha, Shemasi, wasingetuita kumi na wawili. Wangempigia mshtakiwa kura tu kama malkia wa sikukuu ya pamba."

Fundi wa matrekta akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

Mshtakiwa aliitwa Kendrell Pettway, mtu wa miaka thelathini na tisa, anatengeneza mashine za kukatia majani uani kwa mama yake. Nyumba ya wazee fulani ilivunjwa wakati wenyewe wamesafiri, ikaibwa jenereta, na jenereta ikakutwa kwenye banda la Kendrell. Yeye alisema aliinunua kwa mtu asiyemjua, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Shahidi alikuwa jirani mmoja tu, aliyeona kutoka ng'ambo ya barabara, jua likizama, "mtu mweusi mwenye kofia." Basi! Kofia! Wilaya nzima ile wanaume wanavaa kofia, hata kanisani wanavuliwa kwa kukaripiwa. Wakili aliyepewa na serikali alikuwa na mafua na rundo la mafaili ya watu wengine. Alimuuliza yule jirani maswali manne, akaketi.

"Mimi sijaona mtu aliyevunja nyumba," Verdell alirudia kwa mara ya ishirini. "Nimeona kofia."

Msidhani alikuwa mkaidi wa kuzaliwa. Alikuwa na deni la mama yake. Enzi za mama yake, mtu mweusi akitaka kuandikishwa kupiga kura alipelekwa mbele ya karani, akafunuliwa kifungu cha Katiba, akaambiwa akieleze, na karani ndiye anayeamua kama ameeleza vizuri. Mama yake, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyemshinda yule karani kwa kusoma na kwa kuandika, aliangushwa mara nne. Mara ya tano akapita, na Jumatatu iliyofuata akafukuzwa kazi kwenye jiko la wazungu alilopikia miaka kumi na moja. Na aliyekuwa hayumo kwenye ile orodha hakuweza kuketi kwenye jopo lolote. Mababu zake wote walihukumiwa na watu ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi nao. Kwa hiyo barua ya wito ilipofika, na shoga zake wakamwambia asingizie mgongo, Verdell alivaa kofia yake ya zambarau ya Pasaka akaenda. Kile kitabu kidogo cha Katiba alichokaririshwa mama yake kilikuwa mkobani mwake siku zote tatu.

Ijumaa ikafika saa tisa mchana.

Yule mama mwenye mtoto mchanga, Kaylin jina lake, alikuwa analia kimyakimya. Maziwa yalikuwa yamemlowesha kifuani, amejifunika kwa jaketi la mtu. Jaji alishatuma neno kwamba wasipoelewana leo watarudi Jumatatu.

"Jumatatu siwezi," alisema Kaylin. "Mama mkwe wangu anarudi kwao kesho. Nitamwachia nani mtoto? Bi Verdell, nakuomba. Nakuomba jamani."

Verdell alimtazama. Msichana wa watu hakuwa na ubaya wowote. Ndipo Bwana Hollis Crenshaw, muuza bima, mwenyekiti wao, aliposogeza karatasi katikati ya meza.

"Tuyamalize kiungwana," alisema. "Humu kuna makosa mawili. La kwanza kubwa, kuvunja nyumba na kuiba. La pili dogo, kupokea mali ya wizi. Sisi tunakuachia hilo kubwa. Limefutwa, halipo. Wewe utuachie hili dogo. Jenereta si ilikutwa bandani kwake?"

"Ilikutwa."

"Na kituo cha mafuta si duka la jenereta. Kweli si kweli?"

Hapo ndipo palipomuuma Verdell, kwa sababu yeye mwenyewe asingenunua kitu kwa mtu asiyemjua pale.

"Nataka kujua atafungwa muda gani," alisema mwishowe.

Akaandika swali kwa mkono wake, herufi nzuri alizofundishwa na mama yake. Askari wa mahakama akalipeleka. Jibu la jaji lilirudi baada ya nusu saa, limepigwa chapa: Adhabu si kazi ya jopo. Amueni kwa ushahidi mliousikia tu.

"Umeona?" alisema Shemasi. "Lakini dogo ni dogo, dada yangu. Mjukuu wa Lottie Beamon si alikamatwa na matairi ya wizi? Alipewa nini? Miezi sita ya kufagia uwanja huu huu wa mahakama, analala kwao."

Ilikuwa kweli. Verdell alimwona kwa macho yake yule mjukuu, na fagio, anawapungia watu mkono. Akapiga hesabu. Akiendelea kugoma, kesi itavunjika, na huko mbele wataita jopo jingine ambalo yeye hayumo. Hao wengine watamtia hatiani kwa lile kubwa, tena kabla ya chakula cha mchana. Nani atamsemea? Yule wakili mwenye mafua? Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, na alijiona amefanya jambo la akili. Tena alijiona amemwokoa mtu.

"Haya," alisema. "Hilo dogo."

Kaylin alimkumbatia. Bwana Crenshaw alisaini karatasi kabla mtu hajabadili mawazo.

Mle ukumbini, baada ya karani kusoma, jaji aliwauliza mmoja mmoja, kama desturi ilivyo: "Huu ndio uamuzi wako?" Ndiyo, wa kwanza. Ndiyo, wa pili. Ilipofika namba saba, Verdell alimtazama Kendrell Pettway usoni, maana wenzake wote walikuwa wanatazama viatu vyao, na yeye aliona aibu kumhukumu mtu bila kumtazama.

"Huu ndio uamuzi wako?"

"Ndiyo," alisema.

Kendrell aliinamisha kichwa kidogo, kama anayemwitikia mtu mzima salamu. Wakili wake alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Verdell alidhani ni yale mafua.

Wiki sita baadaye akasikia kwamba siku ya adhabu imepangwa. Hakuna aliyemwita, kazi ya jopo ilikwisha. Alivaa kofia ile ile akaenda kuketi nyuma na watu wengine, kwa sababu alitaka kumwona yule mtu akirudi kwao. Mbele, kwenye benchi la kwanza, alikaa mama yake Kendrell, Earline Pettway, mwanamke mwembamba mwenye sare ya chumba cha kufulia cha hoteli.

Mwendesha mashtaka alisimama na karatasi mbili. Akasoma bila haraka. Mshtakiwa, akiwa na miaka kumi na tisa, alivunja nyumba, akafungwa. Akiwa na ishirini na tano, alikutwa na dawa za kulevya, akafungwa. Hili la jenereta ni la tatu. Na sheria ya jimbo, alisema, kwa mtu wa namna hii, kosa la tatu likiwa dogo likiwa kubwa, inataja adhabu moja tu.

Jaji alivua miwani. "Bwana Pettway, sheria haikuniachia hiari. Kifungo cha maisha. Bila kuruhusiwa kutoka mapema."

Kisha Earline akatoa mlio mmoja mfupi, akajiziba mdomo.

Verdell alijikuta amesimama. "Jaji! Subiri! Sisi hatukuambiwa!"

"Bibi, keti chini."

"Nilikuuliza! Nilikuandikia kwa mkono wangu! Ukaniambia si kazi yangu! Kwa jenereta? Maisha, kwa jenereta? Mimi nilikubali lile dogo! Dogo, mlituambia dogo!"

"Askari, mtoe."

Askari wa mahakama alimshika kiwiko taratibu. Alikula chakula cha Verdell shuleni miaka saba. "Twende, Bi Verdell," alimnong'oneza. "Twende mama, usije ukafungwa na wewe."

Kwenye korido alimsubiri yule wakili mpaka alipotoka. Kumbe hata hakuwa na mafua tena.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ukakaa kimya!"

"Nimekatazwa, mama. Wakili haruhusiwi kuliambia jopo adhabu. Ningetamka neno moja, jaji angevunja kikao na kuniadhibu mimi."

"Basi nitaandika barua. Nitaapa tena. Nitasema nilidanganyika, nautengua uamuzi wangu."

Alimtikisia kichwa. "Hawatakusikiliza. Mwanajopo hawezi kurudi kuuvunja uamuzi wake kwa kusimulia yaliyosemwa chumbani. Ulipoulizwa huu ndio uamuzi wako, ukasema ndiyo, mlango ulifungwa hapo."

Verdell alikaa kwenye benchi la korido. "Na ningegoma?" aliuliza. "Kesi ikavunjika. Si wangemrudisha kwa jopo jingine?"

Nadhani wakili alikuwa anatafuta uongo wa huruma na hakuupata.

"Yule jirani shahidi alikuwa anahama. Ameshakwenda kwa binti yake, mbali, ni mgonjwa. Mwendesha mashtaka alishaniambia kwamba kesi ikivunjika hatairudia. Kendrell angekwenda nyumbani siku ile ile, mama."

Loo! Kuna maneno ambayo mtu bora asiyaulize. Alirudi nyumbani kwa miguu, kofia mkononi. Alikitoa kile kitabu mkobani akakiweka kwenye droo ya chini kabisa, chini ya vitambaa vya meza. Kuanzia siku hiyo hakukitazama. Kanisani akaacha kuimba, na Shemasi Riggins alipomfuata kumfariji kwamba wote walikuwa hawajui, alimwambia, "Nyinyi kumi na mmoja mlifanya mnachokiamini. Mimi sikukiamini. Usiniweke fungu moja na nyinyi."

Baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, Earline Pettway aligonga mlango wake. Alikuwa na keki ya siagi kwenye sahani, imefunikwa kwa karatasi ya nailoni.

"Wewe ndiye namba saba," alisema. "Mwenye kofia ya zambarau."

"Ndiye mimi."

"Kendrell ameniagiza. Kila Jumapili nikienda gerezani ananiuliza kama nimekutafuta. Anasema wote walitazama chini, wewe ulimtazama. Na watu wanasema ulimpigania siku tatu peke yako kule ndani. Amesema nikuoke keki nikushukuru." Alijaribu kutabasamu. "Ni yeye anayependa kuipika, mimi mikono yangu mizito."

Verdell alishika fremu ya mlango. Angeweza kuipokea ile keki, akasema Mungu akubariki dada, yakaishia hapo. Nani angejua? Lakini alikuwa na yule mama mbele yake, na alishasema ndiyo moja ya uongo maishani mwake.

"Earline, nisikilize. Alihitajiwa mmoja tu wa kukataa. Mmoja. Angekwenda nyumbani siku ile, wakili wake kaniambia. Huyo mmoja alikuwa mimi, na nikakubali."

Earline hakuelewa upesi. Kisha akaelewa, na uso wake wote ukalegea.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilidhani ni dogo. Nilidhani namwokoa." Akaona hiyo nayo ni nusu. "Na ilikuwa Ijumaa. Nilichoka."

"Ulichoka."

"Nilichoka, dada yangu."

Verdell alingoja atukanwe. Aliomba moyoni atukanwe, arushiwe ile keki usoni, apigwe. Earline aliinama akaiweka sahani kwenye kiti cha barazani, akarudishia vizuri ile karatasi pale ilipofunuka.

"Keki ni yake, si yangu," alisema. "Ingekuwa yangu ningeondoka nayo."

Alishuka ngazi mbili, akageuka. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja Verdell.

"Kesho ni Jumapili," alisema Earline. "Akiniuliza kama nimekupata, nimwambie nini?"

Verdell alifungua mdomo. Mama wa Kendrell alisimama pale njiani muda mrefu, juani, anamsubiri amjibu. Halafu akaenda zake.