Wageni wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Dalali wetu Valerie, Mkenya mwenye mdomo mwepesi na viatu virefu, alisimama katikati ya sebule akitoa amri.

"Arlène, hizi picha toa zote. Mtu akikuja kununua nyumba anataka kujiona yeye humu ndani, si nyinyi. Viti sukuma ukutani, watu waone nafasi. Na mlango tuuache wazi."

Nilitii kwa kununa. Saluni kwangu mimi ndiye ninayeamrisha watu: inamisha kichwa, tulia. Nikaiteremsha picha ya mama iliyokuwa juu ya televisheni, nikaiweka kabatini.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa, mwaka 2017. Tangazo la Valerie lilisema: fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya kumi na moja, mtaa tulivu. Hapo hakudanganya. Mtaa wetu wa Killarney ni tulivu mpaka ukipiga chafya jirani anatoa kichwa. Mama ndiye aliyeinunua, kwa miaka kumi na tisa ya kuuza vitenge, na ndiye aliyesema iuzwe, yeye na papa warudi kuzeekea kwetu Lubumbashi. Akatangulia kwenda kutengeneza nyumba. Malaria ikamuua huko kwa siku nne, wakati papa yuko hospitalini hapa, ametoka kupasuliwa moyo.

Papa hakuambiwa. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba, na hata akipata nafuu, si mtoto wa kumwambia. Wazee wa kanisa huja, hukaa, humuuliza amelalaje, ndipo mmoja wao anasema. Walipanga kuja Jumatatu. Mpaka hapo kazi yangu ilikuwa kudanganya. Kila asubuhi papa alirekodi ujumbe kwenye simu yangu, akimkumbusha mama apande mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, nami nilimwambia kwamba kule mtandao unasumbua. Niliuogopa ule moyo wake ulioshonwa kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Jumapili ile, bila kuambiwa habari ya wanunuzi, alipaswa kuwa kanisani Bertrams na binamu yangu Pitchou hadi saa nane, wanunuzi wawe wamekwisha kuondoka. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mhubiri alikauka sauti, ibada ikaisha saa tano.

Papa akaingia amemshika Pitchou mkono. Sebuleni mlikuwa na watu wapatao kumi, wakizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wafanyavyo katika nyumba isiyo yao. Mama mmoja wa Kizulu alikuwa ameketi ukutani, mikono mapajani, akimngoja mumewe amalize kukagua bafu. Papa akautazama mlango ulio wazi. Akavitazama viti. Akautazama msumari mtupu juu ya televisheni. Kwetu nyumba hupangwa hivyo siku moja tu, na picha inayoteremshwa ni ya marehemu, ipelekwe kukuzwa.

Akavua kofia. Akamwendea yule mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti kwa kuja, mama. Aksanti sana."

Yule mama hakuelewa neno hata moja, lakini alisimama, akainamisha kichwa. Nadhani uso wa papa ulimtosha.

Papa akazunguka hivyo, mgeni kwa mgeni, akiwashukuru wote, hata Valerie. Kisha akanifikia mimi.

"Arlène. Ni mama yako?"

Ningeweza kumjibu: hapana, papa, hawa ni wanunuzi. Ilikuwa kweli tupu, na ulimi ulikataa kuitamka.

"Ndiyo, papa."

"Alikufwa siku gani?"

"Leo ni siku makumi mbili."

Nilikikodolea macho kifua chake, nikingoja. Pitchou akamvutia kiti. Papa akakikataa, akajishusha taratibu mpaka chini, akaketi zuliani na kunyoosha miguu, kama wafiwa wanavyoketi kwetu. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Akaniinulia macho.

"Siku makumi mbili," alisema. "Na weye ulikuwa unalia wapi?"

"Mu lifti, papa."

Akapapasa zulia kando yake.

"Kuja. Lia hapa."