Marahaba Mia Tatu na Kumi na Mbili

Usiku wa jana niliota nimekuwa shikamoo.

Si mtu anayesema shikamoo. Shikamoo yenyewe, iliyopigwa pasi, yenye viatu vyeusi na soksi za shule.

Sikushangaa, maana nilijua nimetumwa wapi. Likizo hii nimejitengenezea maabara ya mitandao ndani ya kabati la vyombo la mama, ili nijiandae na mtihani wa cheti. Ina ruta mbili za mtumba, laptopu iliyong'oka herufi M, na feni ya mezani inayozipepea ruta kama wagonjwa. Wiki nzima laptopu imetuma salamu kwa ruta ya pili kupitia ruta ya kwanza, na wiki nzima haikuletewa jibu. Jumapili wanakuja wageni wa posa ya dada Tusajigwe, na sahani zao ziko sakafuni. Mama alisema Jumanne, bila kupandisha sauti: "Gwakisa, Jumamosi asubuhi yule wa chuma chakavu anapita. Ama hivyo vidude vyako viitikiane, ama vipimwe kilo."

Kwa hiyo mimi, shikamoo, nikaondoka.

Natembea ndani ya waya wa bluu. Unanuka sabuni ya vyombo. Mwisho wake kuna geti la shule yetu ya bweni, na ruta ya kwanza imekaa kwenye kiti cha mlinzi, imevaa sweta la Mzee Kajela, mlinzi wetu.

"Karatasi ya ruhusa," inasema.

Ninayo. Karatasi ya ruhusa ya shule yetu ina sehemu mbili, Kutoka na Kurudi. Sehemu ya Kurudi haijawahi kujazwa na mwanafunzi yeyote. Kurudi tunapitia tundu la uzio nyuma ya jiko, kwa wakati tunaoupanga wenyewe. Mimi ndiye niliyelipanua tundu hilo, na nasema hivi kwa unyenyekevu.

Ruta inasoma. Inakohoa vumbi. "Kurudi hujaandika."

"Ndivyo tunavyofanya, mzee."

"Haya. Kutoka kupo," inasema, na kunifungulia.

Nje ya geti ni rafu ya chini ya kabati. Vikombe vimepangwa kama vitanda vya bweni. Ruta ya pili inapiga pasi kitambaa cha meza.

Najisema: "Shikamoo."

"Marahaba," inajibu papo hapo, kwa upole kabisa.

Jibu linatoka likiwa mzee mfupi mwenye sanduku la bati. Anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anakwenda kuketi kitandani, yaani ndani ya kikombe. Ndipo nawaona wenzake. Wamejaa rafu nzima. Wengine wanacheza karata. Wengine wameanika soksi kwenye mishikio ya vikombe.

"Nyie ni akina nani?"

"Marahaba," wanasema wote.

"Mia tatu na kumi na mbili, pamoja na huyu aliyeingia sasa hivi," anaongeza mkubwa wao, mwenye miwani.

"Mama yangu anadhani hamjui kuitikia."

"Kila salamu tuliiitikia hapo hapo, mjukuu wangu. Ila mwenye nyumba hii hajaambiwa kwako kunarudiwa kwa njia gani. Ulituandikia ya kuja tu."

Hilo linaniuma. Wiki nzima nimeitukana ruta ya pili. Alhamisi niliipiga kofi.

"Kuna tundu nyuma ya jiko," nanong'ona.

Mwenye miwani anaifuta miwani yake. "Marahaba apite kwenye tundu? Amfikie mdogo aliyemwamkia akiwa na majani kichwani?"

Sauti inapita nje: "Chuma chakavu." Rafu inainama upande mmoja. Tuko juu ya mizani, na sindano inasogea.

"Kilo nne," sauti inasema, "bila wazee."

Nachukua kalamu. Najaza sehemu ya Kurudi kwa mara ya kwanza maishani, nikiomba wanafunzi wenzangu wasinione. Mwenye miwani anasoma kila neno, kisha anapiga muhuri kwa kitako cha kikombe.

"Wawili wawili," anawaambia wenzake. "Msisukumane."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Kipaza sauti cha yule wa chuma chakavu kilikuwa kinakuja kutoka upande wa kanisani, na mama alikuwa ameshachomoa feni.

"Mama, dakika moja."

"Hata Jumanne ulisema dakika moja."

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, nikaandika mstari mmoja tu: njia ya kurudi. Nikatuma salamu moja. Moja, naweza kuapa.

Kioo cha laptopu kikajaa. Majibu yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, bila kusukumana. Mama akaja kusimama nyuma yangu na sahani mkononi. Yalipokwisha, chini kabisa pakaandikwa: imetumwa 1, yamepokelewa 313.

"Mbona yamekuja mengi hivyo?"

"Walizuiwa getini, mama."

Kipaza sauti kikafika mlangoni petu, kikapita. Mama akaichomeka tena feni.

"Sahani zitakaa chumbani kwako," akasema. "Wewe utalala sebuleni."