Mkanda wa Wageni

Kisiwani kwetu, katikati ya mto, vifaa vya usalama vilitunzwa vizuri kuliko watu. Mikanda ya kupandia miti, kamba zake na kofia ngumu za njano vilikaa ndani ya stoo ya ushirika, mlango una kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa baba mkwe wangu Odivaldo, mwenyekiti. Wanaume, ambao hawakuwa na stoo, walipanda miti ya asai kila asubuhi wakiwa na kaptura na pekonya, kile kitanzi cha gunia kinachobana nyayo mbili pamoja ili zishike shina. Mtu akianguka tulimpeleka mjini kwa mashua. Kofia ilibaki stooni, haina hata mkwaruzo.

Si kwamba wanaume walilalamika. Mti wa asai ni jamii ya mnazi, mrefu na mwembamba, na mpandaji hodari hashuki ovyo. Akimaliza kukata kichala cha matunda huko juu anauyumbisha mti mpaka uiname, anadaka shina la jirani, anahamia. Mume wangu Josiel anaweza kuzunguka nusu ya shamba mguu haujagusa tope. Sasa mfunge mtu huyo kwenye shina moja kwa mkanda, uone kama hatakucheka. "Huo ni wa ng'ombe," walisema. Mwenyekiti hakuwabishia. Mkanda ukitumika unachakaa, na ukichakaa wageni watapiga picha ya nini?

Maana wageni ndio waliokuwa wenye mikanda. Walitoka kwenye kampuni inayonunua asai yetu na kuiuza ng'ambo, ambako watu, nasikia, huila na ndizi na asali, na hawapendi kusikia kwamba kuna mtu amevunjika kiuno kwa ajili ya bakuli lao. Kwa hiyo kila msimu kampuni ilituma kamera. Mtu mmoja alivalishwa kila kitu, akapanda kidogo, akatabasamu, akashuka. Usalama ukawa umekamilika mpaka msimu mwingine.

Kabla ya kila ujio mikanda ilitolewa stooni ikinuka ukungu na mavi ya popo. Hapo ndipo mama mkwe wangu, mama Edilza, alipochukua madaraka. Mto wote huu hakuna mwanamke ambaye nguo zake zinang'aa kama zake, na hajawahi kuacha watu wajigundulie wenyewe. Dawa yake ni klorini. Shati, sakafu, sufuria, vyote hupita humo. Mbwa amepona kwa sababu anajua kukimbia. Mikanda aliiloweka kwenye beseni la klorini mpaka asubuhi, kisha akaianika juani siku nzima. Ilipoletwa ilikuwa ya rangi ya chungwa. Sasa ilikuwa na rangi ya jino.

Msimu huu nilikuwa namsaidia kukamua.

"Mama," nikasema taratibu, "machela yangu ya kulalia nayo tuliiloweka hivi hivi. Kamba zikakatika nikiwa ndani."

"Zilikatika kwa sababu umenenepa."

"Na ya wifi je?"

"Wifi yako ndiye aliyekufundisha kula."

Nikaukunja mkanda mmoja pale penye mshono. Nyuzi zilibaki vidoleni mwangu, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikamwonyesha.

"Unaona, mama?"

"Naona unauchezea. Anika."

Nikaanika. Mimi ni mkwe, na mkwe hana mdomo mbele ya beseni la mwenye nyumba. Lakini moyo haukutulia, kwa sababu mara hii wageni walitaka kikubwa zaidi. Walimwambia mwenyekiti kwamba picha za mtu anayetabasamu zimezoeleka. Walitaka mpandaji afike kileleni, aegemee nyuma, aachie mikono yote miwili na kuitandaza kama ndege, ili mlaji wa asai wa ng'ambo aone kwa macho yake jinsi mkanda unavyomshika. Baba mkwe alikubali palepale, kwa ukarimu mkubwa, maana mpandaji mwenyewe alikuwa Josiel.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Usiachie mikono."

"Wameomba miwili."

"Mkanda umeoza."

"Mama kaufua, hakuuozesha."

"Basi vuta hapa mshononi uone."

"Nikivuta ukikatika, nani atamwambia mama? Wewe?"

"Mimi nishamwambia. Kasema nimenenepa."

Akacheka. "Kitu cha ng'ambo hakiliwi na klorini, mama nanihii. Lala."

Mtu huyu hapandi na pekonya yoyote, hata aliyoisuka baba yake, mpaka aifunge chini ya shina na kuirukia kwa uzito wake wote. Lakini mkanda una maandishi ya kigeni, na kitu chenye maandishi ya kigeni ni utovu wa adabu kukijaribu. Akageukia ukuta akalala. Mimi nikabaki nikihesabu nani ninaweza kumuudhi. Nikisema mkanda mbovu mbele ya wageni, nimemtukana mama mkwe kwa ufuaji na baba mkwe kwa utunzaji, wote kwa sentensi moja. Nisiposema, nitakuwa mjane mwenye picha nzuri.

Wageni walifika maji ya mto yakiwa yamekupwa, gati letu la mbao limesimama juu ya tope tupu. Walikuwa dada wa kamera na bwana mmoja mwenye buti zinazofika magotini. Baba mkwe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mama mkwe alishika taulo, sijui la nini. Josiel alikuwa peku, anangoja aitwe.

Nilileta kahawa. Nikamkaribisha bwana, nikamkaribisha dada, nikamgeukia baba mkwe nikiwa nimeinamisha macho kama nilivyofundishwa.

"Baba, samahani. Mwenyekiti hapigwi picha?"

"Mimi?"

"Wapandaji wapo kila kisiwa. Huko ng'ambo watajuaje kama hapa kuna uongozi?"

Akatazama kamera. Akavuta tumbo ndani, likakubali kidogo tu.

"Umri huu sipandi miti, mwanangu."

"Apande kwa nini, baba? Boriti ile ya juu ya gati inatosha. Wanafunga kamba, baba anakaa kwenye mkanda, anaachia mikono. Dada akipiga kutoka chini, nani atajua ni kimo gani?"

"Hiyo nzuri sana," dada akasema, akaanza kutafuta pa kusimama.

Nilikuwa nimeshalitazama lile tope. Lilikuwa laini kama uji, na baba mkwe akining'inia pale, kutoka nyayo zake mpaka chini hapangezidi kimo cha kiti. Huyo ni baba wa mume wangu. Sikuwa nimekusudia zaidi ya kuchafua shati.

Wakamvalisha. Kofia ya njano ilimbana masikio. Akajisogeza taratibu nje ya gati, akakaa kwenye mkanda, akiwa bado ameshika kamba.

"Mikono, mzee," dada akasema.

Akaachia. Akaitandaza. Na kweli alitabasamu kwa fahari, tabasamu la mtu aliyeongoza mihula mitatu bila mpinzani. Kisha tukasikia sauti ya shuka kuukuu likichanwa matambara, na mwenyekiti hakuwepo tena.

Aliangukia makalio. Tope lilimpokea mpaka kiunoni. Hakuna aliyethubutu kucheka wala kukohoa.

"Picha mmeipata?" akauliza kutoka kule chini.

Wapandaji wawili wakaruka kumchomoa. Bwana wa buti akaokota kipande cha mkanda, akakitupa pembeni.

"Huo tu ndio ulikuwa na kasoro," akasema. "Ipo mingine. Kijana, vaa ule pale, tuwahi mtini kabla jua halijawa kali."

Josiel akauchukua. Hila ya tope nilikuwa nimeimaliza, na kutoka kileleni tope halimwokoi mtu. Akaugeuza mkanda, akaushika penye mshono, akavuta kidogo tu. Nyuzi zikamjia vidoleni. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mama yake aliyesimama na taulo lake.

"Sivai," akasema.

"Kwa nini? Huu mzima."

"Yote ilifuliwa beseni moja."

Mama Edilza akalikunja taulo, akalikunja tena mpaka likawa dogo kama kitabu.

"Ilikuwa inanuka," akasema.

"Najua, mama. Na ulipoifua ilinukia vizuri." Akaushusha mkanda chini kwa heshima zote, akarudi nyuma hatua moja. Bwana wa buti alibembeleza, akaongea habari ya ratiba, Josiel akatikisa kichwa tu.

Wakaondoka bila picha ya ndege. Waliahidi mikanda mipya, na mwenyekiti, akiwa bado anachuruzika, akawahakikishia kwamba ile mipya itatunzwa zaidi ya hii.

Mchana nikampakulia Josiel asai na samaki wa kukaanga. Akala nusu bakuli.

"Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Nilikuambia."

"Ungeniambia kama ulivyomwambia baba."

"Wewe huna cheo. Ningekusifia nini?"

Akacheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni, mgongo mzima, haujavunjika popote. Nikamwongezea unga wa muhogo.