Kisahani cha Sista Kanini

"Hicho kisahani kinatoka leo," Mama Kasiva alisema, akikigonga kwa ufunguo wa gari. "Leo leo. Kesho askofu yuko hapa."

Muindi alikuwa bado na kitambaa cha mafuta mkononi. Tangu asikie pikapu ikipanda mlima kutoka Mukuyuni, alidhani Mama Kasiva, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, anakuja kumshukuru. Shukrani gani! Mama huyo aliizunguka sanamu ya Sista Kanini mara mbili kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Hakutazama uso, hakutazama mikono. Alitazama lile duara nyuma ya kichwa tu.

"Kina ubaya gani?" Muindi aliuliza.

"Mzee, duara ni la watakatifu. Dada yako kesho anatangazwa mwenye heri. Mwenye heri hana duara."

"Kwani si ni kitu kimoja?"

Mama Kasiva alicheka, akamgeukia katekista Kyule aliyesimama mlangoni na faili lake. "Umesikia huyu?" Kisha akamwinulia Muindi vidole usoni, kana kwamba anafundisha mtoto wa nasari. "Mwenye heri, muujiza mmoja. Mtakatifu, wa pili. Kanini ako na mmoja. Huo mwingine ukipatikana Roma wataamua, na wewe utamrudishia kisahani chake."

"Nitakuwa nimekufa, mama."

"Basi utamwona huko huko."

Muindi alimtafuta Kyule kwa jicho lake moja. Jumapili saba mfululizo, huyu Kyule alisimama mbele ya watu na kutangaza kwa Kikamba kwamba Sista Kanini anafanywa mutheu. Mutheu, yaani mtakatifu! Hakuna Mkamba asiyejua neno hilo. Ndilo tunalomwitia Roho Mtakatifu. Angesema muathime, yaani mbarikiwa, Muindi angechonga kichwa kitupu na maneno yangeishia hapo. Lakini Kyule aliona mutheu lina uzito, linawapa akina mama vigelegele.

"Katekista, si wewe ulisema mutheu?"

Kyule alifungua faili, akalifunga. "Mimi nilitangaza vile niliandikiwa, mzee. Pengine ni masikio."

Mwongo mkubwa, yeye na faili lake! Masikio ya Muindi yalikuwa mazima kabisa. Kilichokuwa kinamwacha ni macho. La kushoto lilikuwa jeupe tangu mwaka jana, na la kulia lilikuwa njiani. Wiki sita alichonga kwa vidole, akipapasa shavu la mti, kisha shavu lake mwenyewe, kwa sababu watu walisema yeye na dada yake wanafanana. Mama yao alipokufa mwaka wa njaa, Kanini ndiye aliyemlea. Alimtafunia mahindi kabla hajaota meno. Baadaye akaingia utawa, akafa na wagonjwa wa kipindupindu kule Kibwezi, na masista wakamzika kabla mdogo wake hajapata habari. Muindi hakuwahi kumpa dada yake chochote, hata leso. Alikuwa na sanamu hii, na alijua hatachonga nyingine. Alitaka kesho ibebwe kwenye maandamano mpaka altareni, basi.

"Ni gogo moja la mukau," alieleza. "Duara na kichwa ni mti mmoja. Nikikata, ufa utakimbilia usoni."

"Mbao ni mbao. Ama unataka tubebe ile picha ya kuchapishwa? Picha iko tayari."

Hapo alimweza. Muindi alichukua msumeno. Alikata taratibu kutoka juu, akipuliza unga, akisimama kila mara kupapasa. Kyule alikuwa kwenye simu. Msumeno ulipokaribia chini mti ulilia, ta! Duara likaanguka. Kidole cha Muindi kiliuona ufa kabla ya jicho: ulianza utosini, ukapita kati ya nyusi, ukashuka pembeni mwa pua mpaka kidevuni. Nusu ya shavu ikamwangukia kiganjani.

"Ona sasa," Mama Kasiva alisema. "Hii ndiyo tutamwonyesha askofu?"

"Nipe mpaka jioni, mama. Nina gundi. Nakuomba."

"Picha itabebwa. Pakieni hiyo kitu."

"Tutaiweka stoo, mzee," Kyule alisema kwa upole. "Father ataiona, pengine atasema neno."

Muindi alilishika hilo neno 'pengine' kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe aliifunga sanamu kwa blanketi lake ili isigongwegongwe njiani.

Asubuhi alivaa koti, akaweka gundi mfukoni, akawahi kanisani kabla ya umati. Stoo ilikuwa na kreti za soda na viti vya kukodi. Alipapasa kila kona. Nje, kwenye kamba, aliligusa blanketi lake, lilikuwa limefuliwa.

Alifuata harufu ya chakula hadi nyuma ya kanisa, ambako Syombua, mpishi wa kukodiwa kutoka Kikima, alikuwa akigeuza wali. Hawakuwa wakijuana.

"Karibu, mzee. Keti hapo. Wageni bado, lakini wewe nitakupakulia."

"Mama, hujaona sanamu? Ya mti. Ya sista."

"Sanamu?" Syombua alifuta jasho. "Mimi nimeletewa kuni tu. Mama Kasiva alisema hazijabarikiwa, nisiogope. Na ni kavu, wee! Sufuria tatu zimeiva na hata moshi hakuna. Kulikuwa na kipande chenye vidole, hicho niliona haya, nikakiweka mwisho."

"Kiko wapi?"

"Si ndicho hicho kinawaka?"

Upande wa mbele vigelegele vilipasuka. Picha ilikuwa imefika mlangoni. Syombua alimpa sahani. Muindi aliipokea, akashukuru, akaiweka chini. Kisha akasogeza kigoda karibu na mafiga, akanyoosha mikono juu ya moto.

"Mzee, na jua hili lote, unasikia baridi?"

Muindi aligeuza viganja, akaendelea kuota moto.